Maji ya Jangwani hayakunyesha Jangwani: jinsi mji wa Dar es Salaam unavyoigusa misitu, mito na pwani yake

Maji yanayofunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, bondeni mwa Mto Msimbazi katikati ya Dar es Salaam, masika yanapokolea, sehemu kubwa hayakunyesha Jangwani. Yamenyesha Kisarawe na Pugu, yamenyesha Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata na Kigogo, juu ya mabati, juu ya saruji, juu ya nyua zilizofagiliwa mpaka zikawa ngumu kama sakafu, kisha yakateremka yote kwa pamoja. Kila mwaka tunaambiwa kwamba mvua ilikuwa kubwa. Ni kweli, na tabianchi inayobadilika inaweza kuifanya iwe kubwa zaidi. Lakini mvua kubwa zilikuwapo hata wakati vilima vile vilipokuwa vimefunikwa na msitu. Kilichobadilika kuliko vyote ni ardhi ambayo maji hayo yanaiangukia.

Nimeanza na maji kwa sababu ndiyo yanayoonekana. Tukisikia kwamba matumizi ya ardhi yamebadilika, wengi wetu tunapata picha moja kichwani: mti umekatwa, nyumba imesimama. Picha hiyo ina ukweli wake, ila inatufanya tuamini kwamba madhara yako palepale penye nyumba, na kwamba msitu ulio kilomita 60 kutoka mjini uko salama maadamu hakuna aliyejenga humo. Mambo hayako hivyo. Mji una mikono mirefu. Unaufikia msitu kwa gunia la mkaa, unaufikia mto kwa lori la mchanga, na unaifikia mikoko kwa tope na chupa za plastiki. Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, kwani watafiti wameufuatilia mji huu kwa miaka mingi, na sisi tunaoishi humu tunapita juu ya ushahidi kila siku tukienda kazini.

Ekari inapogeuka hatua ishirini kwa ishirini

Sensa ya mwaka 1967 ilikuta Dar es Salaam ina watu wapatao 270,000. Sensa ya 2012 ilihesabu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ndani ya miaka kumi tu mji uliongeza watu milioni moja, karibu mara nne ya wote waliokuwamo mwaka 1967.

Watu hawa hawakwenda juu kwenye maghorofa. Wengi walikwenda nje, wakizifuata barabara nne kuu: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa. Ukitazama ramani za zamani, mji unafanana na kiganja chenye vidole vinne. Kati ya kidole na kidole kulibaki mashamba ya mikorosho na minazi, vichaka, na mabonde yenye maji. Nafasi hizo ndizo zilizojaa baadaye, na zilijaa kwa namna ambayo kila mkazi wa pembezoni ameiona kwa macho yake. Mwenye shamba la ekari mbili anapata shida ya fedha, anakata kipande. Dalali anamleta mnunuzi, wanapima kwa hatua, ishirini kwa ishirini, wanaandikishana kwa mjumbe au serikali ya mtaa. Mnunuzi anamwaga mchanga na kokoto, anajenga msingi, anasimamisha pagale, anasubiri. Baada ya miaka mitano shamba lile lina nyumba kumi na mbili. Hakuna siku hata moja ambayo mtu alikaa mezani akaamua kuufuta msitu au kuliziba bonde. Maamuzi madogo elfu kwa elfu yalifanya kazi hiyo, na kila moja, kwa aliyelifanya, lilikuwa la busara kabisa: mtu anataka pa kulala pasipo na kodi.

Sasa fuata tone la mvua. Likiangukia msituni, kwanza linapokelewa na majani. Lililobaki linateremka taratibu kwenye shina, linafika kwenye zulia la majani yaliyooza, linaingia kwenye vitundu vya mizizi, minyoo na mchwa. Udongo unakunywa. Sehemu ya maji hayo itatokeza kwenye kijito siku nyingi baadaye, na ndiyo maana mito yenye msitu kichwani haikauki upesi kiangazi. Likiangukia bati, tone halina pa kuingia. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100, ikipigwa na mvua ya milimita 50, inamwaga lita 5,000, yaani matanki matano ya lita 1,000, ndani ya saa chache. Mtaa wenye nyumba 400 za namna hiyo unamwaga lita milioni mbili, na hapo hatujahesabu barabara, nyua na viwanja vya maegesho. Maji hufuata mkondo, na mkondo wa sehemu kubwa ya katikati ya Dar es Salaam ni Mto Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu, kusini-magharibi mwa mji, ukasafiri yapata kilomita 35 hadi baharini kwenye daraja la Salenda.

Kwa hiyo mto uleule, wenye bonde lilelile, unatakiwa kubeba maji mengi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Na bonde lenyewe limepungua. Zile tambarare zilizo kando ya mto zilikuwa na kazi: mto ukijaa, unajimwaga pale, unatulia, unaacha tope lenye rutuba, maji yanapungua polepole. Wakulima wa mchicha na matembele waliijua rutuba hiyo, na wengine bado wanalima. Tulipojenga pale, tulijenga ndani ya chumba cha mto.

Desemba 2011 mto ulirudi chumbani kwake. Mafuriko ya mwezi ule yaliua watu wapatao 40, na mvua iliyoyaleta ilitajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954. Waliobaki bila nyumba walikuwa maelfu. Serikali iliwapa viwanja Mabwepande, kaskazini mwa mji.

Mabwepande iko wapi?

Swali hili ni muhimu, na kwenye habari za mafuriko halikuulizwa sana. Mabwepande imepakana na Pande, pori la akiba lenye ukubwa wa kilomita za mraba 12 hivi, moja ya vipande vya mwisho vya msitu wa asili wa pwani vilivyobaki ndani ya mipaka ya Dar es Salaam. Familia zilizotolewa bondeni kwa sababu mji uliharibu njia ya maji zilipelekwa kuishi kando ya msitu, ambao nao ulikuwa unazungukwa na mji huohuo. Siwalaumu hata kidogo waliohamia. Mtu aliyelala juu ya paa akisubiri mtumbwi hana nafasi ya kuuliza habari za msitu. Nawaza juu ya namna mji unavyohamisha tatizo lake kutoka bonde moja hadi ukingo mwingine, bila mtu yeyote kulibeba hesabuni.

Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki si mikubwa. Imetawanyika kama visiwa kuanzia Somalia kusini hadi Msumbiji, mingi ikiwa na kilomita za mraba chache tu. Udogo huo umetudanganya. Kwa kuwa misitu hii imekaa mbalimbali kwa muda mrefu sana, kila mmoja umelea mimea na wanyama wake, na wanasayansi wanauhesabu ukanda huu miongoni mwa maeneo yenye viumbe adimu zaidi duniani kwa kila kilomita ya mraba. Pugu na Kazimzumbwi, iliyo Kisarawe mlangoni mwa jiji, ni sehemu ya ukanda huu, na leo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu.

Mmoja wa wakazi wake ni komba wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda wa juu wa Rondo kule Lindi. Ana uzito wa gramu 60 hivi, karibu sawa na yai moja la kuku wa kisasa, na mkia wenye manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Anatoka usiku, anaruka kutoka shina hadi shina karibu na ardhi, anakula wadudu na matunda. Hayuko popote pengine duniani isipokuwa kwenye misitu michache ya pwani ya Tanzania, na Pugu, Kazimzumbwi na Pande ni miongoni mwa sehemu alikorekodiwa. Nchi iliyo maarufu kwa tembo na simba ina mnyama huyu kwenye ukingo wa jiji lake kubwa, na wakazi wengi wa jiji hawajawahi hata kulisikia jina lake.

Kwa komba huyu, hatari ya kwanza ni kupungua kwa msitu, na hiyo kila mtu anaielewa. Ya pili ni kukatwakatwa kwa msitu, na hii inahitaji hesabu kidogo. Ukingo wa msitu haufanani na moyo wake. Pembeni jua linaingia kwa ubavu, upepo unakausha majani ya chini, moto wa shambani unapenya, magugu yanashika, mbwa na watu wanazunguka. Tuchukulie kwamba hali hiyo inaingia ndani kwa mita 100. Msitu mmoja wa mraba, kilomita nne kwa nne, una kilomita za mraba 16. Ukiondoa ukingo huo, moyo unaobaki ni kilomita za mraba 14.4. Sasa kata msitu uleule kuwa vipande 16 vya kilomita moja kwa moja. Jumla ya eneo ni ileile, kilomita za mraba 16. Lakini kila kipande kimepoteza ukingo wake, na mioyo yote ukiijumlisha inafika 10.2 tu. Kipande cha mita 200 kwa 200 hakina moyo hata kidogo. Chote ni ukingo. Ndiyo sababu ripoti inayosema tu kwamba hekta kadhaa zimebaki inaweza kutufariji bila haki. Inabidi tuulize zimebaki kwa umbo gani.

Hatari ya tatu ni upweke. Kati ya Pande na Pugu kuna nyumba, barabara, taa na paka. Mnyama wa gramu 60 anayeruka shina hadi shina hawezi kuvuka mji. Waliomo watazaana wao kwa wao. Ukipita ugonjwa, au moto, au mwaka mmoja mbaya, hakuna atakayetoka msitu mwingine kuja kujaza pengo. Wanaikolojia wanaliita jambo hili deni la kutoweka: msitu ukishakatwa vipande, baadhi ya viumbe waliomo wanaendelea kuonekana kwa miaka, hata miongo, lakini idadi yao tayari haitoshi kuendelea. Anayepita leo na tochi akawasikia wakilia usiku ataandika kwamba wapo. Ni kweli wapo. Deni halijaiva.

Mawimbi yanayotoka mjini

Mwaka 2010 jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani lilichapisha utafiti ulioongozwa na Antje Ahrends, ambao kwangu ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu mikono ya Dar es Salaam. Watafiti walichukua takwimu za misitu kuanzia kilomita 10 hadi 220 kutoka jijini, mara mbili: mwaka 1991 na mwaka 2005. Walichotaka kujua ni kama uharibifu unatokea ovyo, au unatoka mjini kwa mpangilio.

Una mpangilio, na unakwenda kama mawimbi. Wimbi la mbele ni la magogo ya bei, kwa biashara ya mbao ngumu. Lilikuwa likisonga mbele kwa wastani wa kilomita 9 kila mwaka. Nyuma yake linafuata wimbi la mkaa, likisonga kilomita 2 kila mwaka. Piga hesabu ya miaka ile 14: mstari wa magogo ulisogea kilomita 126, wa mkaa kilomita 28. Na kadiri walivyokaribia mji, ndivyo misitu ilivyokuwa na aina chache za miti na kaboni kidogo.

Mpangilio huu una sababu ya kibiashara. Gogo la mpingo, mninga au mkongo lina thamani ya kulipia mafuta ya lori kutoka mbali sana. Mkaa ni mzigo mkubwa wenye bei ndogo. Ukiutoa mbali mno, faida inaishia barabarani. Kwa hiyo msitu ulio karibu unapigwa mara mbili: kwanza wanapita wachana mbao wakachagua miti mikubwa, miaka baadaye wanakuja wachoma mkaa wakachukua iliyobaki, bila kuchagua sana. Baada ya mkaa linakuja shamba la muhogo, na baada ya shamba, dalali wa viwanja.

Barabara huharakisha kila kitu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, watu wa Lindi na Mtwara waliokuwa wakisubiri kivuko cha Ndundu kwa saa nyingi, na mvua zikija hata kwa siku, walipata haki yao ya kusafiri. Daraja lilelile likafungua misitu ya kusini kwa malori ya magogo, na uvunaji haramu ukapaa. Hakuna anayepaswa kujutia daraja. Ila wanaopanga barabara wangeweza kuhesabu tangu mwanzo kwamba msitu ulio upande wa pili nao umesogezwa sokoni, wakapeleka walinzi na vizuizi kabla ya malori.

Kuhusu mkaa, ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania unaishia Dar es Salaam, kiasi cha tani 500,000 kwa mwaka. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba kati ya 2001 na 2007 kaya za jijini zilizotegemea mkaa kupikia ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi 71. Wengi wetu tulidhani watu wakihamia mjini wanaacha kuni na mkaa. Kuni wanaziacha kweli. Wanahamia kwenye mkaa, na mkaa unakula miti mingi kuliko kuni, kwani katika tanuru la udongo magogo ya kilo 100 kwa kawaida hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Kilichobaki kimekwenda na moshi hukohuko porini.

Ni rahisi kumnyooshea kidole mama lishe mwenye jiko lake la mkaa pembeni mwa barabara. Naona ni kumwonea. Mkaa unanunuliwa kwa kopo au kwa sado, kulingana na mfuko wa siku hiyo. Gesi inataka mtungi, jiko na fedha ya kujaza kwa mkupuo. Mtu anayepata kipato chake kwa siku hununua nishati yake kwa siku. Mpango wowote wa kuokoa misitu ya Pwani na Morogoro usioanzia kwenye ukweli huo hautafika Manzese.

Wanaoupenda mji

Viumbe hawapungui wote. Wapo wanaoshangilia. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, ambaye wengi wanamwita kunguru wa Zanzibar, ni mgeni kutoka bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 asaidie kusafisha takataka. Alivuka hadi bara, na mji unaozalisha takataka bila kuzizoa ukawa kwake karamu isiyokwisha. Anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, anawafukuza ndege wakubwa kuliko yeye, na Dar es Salaam imeshaendesha kampeni za mitego na sumu dhidi yake. Kampeni zinampunguza, dampo linamrudisha.

Mwingine ni mbu Aedes, yule anayeuma mchana, anayebeba homa ya dengue. Hahitaji kinamasi. Tairi lililotupwa, kopo, ndoo ya fundi iliyosahaulika kwenye pagale vinamtosha. Jiji lilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Kwa hiyo tukisema mfumo ikolojia umebadilika, tusidhani tunazungumzia maua na vipepeo peke yake. Tumewaondoa viumbe wengi wenye mahitaji ya pekee, tukawafungulia mlango wachache wasiochagua, na baadhi ya hao wanaingia nao chumbani kwetu.

Pwani inapokosa mchanga na kupata tope

Sehemu hii ndiyo inayonishangaza kila ninapoifikiria, kwa jinsi inavyoonyesha kwamba kitendo kimoja kinaweza kuleta madhara mawili yanayoonekana kupingana.

Kila tofali linataka mchanga. Kwa miaka mingi mchanga wa kujengea Dar es Salaam umechimbwa, kwa kibali na bila kibali, kwenye mito kama Mbezi, Tegeta na Mpiji. Mchanga ule haukuwa umekaa tu mtoni. Ulikuwa safarini kwenda ufukweni. Mawimbi ya bahari huondoa mchanga wa fukwe kila siku, na mito huurudishia. Ukiuchukua mtoni, bahari inaendelea kuondoa na hakuna kinacholipa. Watafiti wanaoueleza mmomonyoko wa fukwe za Kunduchi wameutaja uchimbaji huu kuwa moja ya sababu zake.

Wakati huohuo, ardhi iliyofyekwa na kuchimbuliwa kwa ujenzi inaachia udongo laini, na maji yale ya mbio tuliyoyaona juu ya mabati yanaubeba. Udongo laini hauwezi kuwa ufukwe. Unakwenda na mkondo, unazama pale maji yanapotulia, kwenye mikoko. Kwa hiyo pwani inanyimwa chembe kubwa inazozihitaji, inapewa chembe ndogo zinazoisonga.

Mikoko imezoea tope, lakini kwa kiasi. Mchu, kwa mfano, unapumua kwa vijiti vyembamba vinavyochomoza kutoka ardhini kuuzunguka. Tope likija kwa wingi ghafla, likichanganyika na mifuko na chupa, vijiti vile vinafukiwa na mti unakosa hewa. Mti ukifa, wanaondoka kaa, na mizizi haipo tena ya kuwaficha samaki wachanga na kamba wadogo wanaokulia humo kabla ya kwenda bahari kuu. Mvuvi wa Kunduchi au wa Msasani anapoona nyavu zinarudi nyepesi, sehemu ya sababu inaweza kuwa imeanzia kwenye kiwanja kilichosawazishwa Kimara, mahali ambapo hata harufu ya bahari haifiki.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, pamoja na matumbawe yanayovizunguka, vimehifadhiwa kisheria tangu 1975. Sheria inaweza kuzuia nyavu na nanga. Maji yaliyotoka Tandale hayasomi mabango.

Yanayofanyika, na ninayoyaona

Si kweli kwamba hakuna kinachofanyika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Bonde la Msimbazi lina mradi mkubwa kwa fedha za Benki ya Dunia, wenye daraja jipya la Jangwani na mpango wa kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya jiji, mto upewe nafasi ya kutanuka. Na mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Likifikiwa hata nusu yake, litafanya kazi kubwa zaidi kwa komba wa Rondo kuliko walinzi elfu wa misitu.

Kinachonipa wasiwasi ni jinsi tunavyopenda kupima mafanikio kwa idadi ya miche. Mstari wa miashoki kando ya barabara unapendeza na unatoa kivuli, nami nautetea. Hauwezi kuhesabiwa kuwa umelipa msitu uliokatwa, kwa kuwa hauna tabaka la chini, hauna miti iliyooza, hauna wadudu wala walaji wa wadudu hao. Msitu wa Pugu ulichukua muda usiohesabika kujijenga. Kuuacha usimame ni rahisi zaidi, na ni nafuu zaidi, kuliko mradi wowote wa kuupanda upya.

Na kuhusu zile mita 60, nadhani tumezisoma kwa jicho moja. Tumezichukulia kama sheria ya usalama, ya kuwatoa watu kwenye njia ya mafuriko, na kwa sababu zilikuja kusimamiwa baada ya watu kujenga, zimekuwa sheria ya tingatinga. Desemba 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilibomolewa wakati wenyewe wakiwa bado wanatoa vyombo nje. Lakini zitazame kwenye ramani. Mita 60 huku na mita 60 kule ni ukanda wa kijani wenye upana wa mita 120 ukiacha mto wenyewe, unaofuata kila mto wa Dar es Salaam kutoka vilimani hadi kwenye mikoko. Kwa hesabu yetu ya kingo, ukanda mwembamba hivyo hauna moyo, hautakuwa makazi ya kudumu ya komba. Unaweza kuwa ushoroba wake, njia ya kupita usiku kutoka msitu hadi msitu. Unaweza pia kuchuja tope kabla halijafika baharini na kuupa mto mahali pa kujimwaga.

Kwenye Msimbazi ukanda huo itabidi urudishwe kwa fidia na kwa uchungu, kipande kwa kipande. Kwenye Mto Mpiji, unaotenganisha Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, mji ndiyo kwanza unafika. Mabwepande, Bunju na Mpiji Magohe ndiko mashamba yanakokatwa viwanja sasa. Mita zile 60 zikiwekewa bikoni huko kabla ya msingi wa kwanza kuchimbwa, na mjumbe na dalali wakazijua kama wanavyoijua mipaka ya mashamba, hakutakuwa na nyumba ya kubomoa.